Mhifadhiwa Namba Kumi na Tisa

Ipo nchi moja ambayo kwenye ramani huangukia pale karatasi inapokunjwa, ndiyo maana imefifia na wengi hawaijui. Wenyewe huiita Jamhuri ya Staha. Msihangaike kuitafuta. Mimi nimeisikia kwa watu tu, na niliyoyasikia nayaeleza bila kutia chumvi, kwa sababu chumvi wenyewe walishaitia ya kutosha.

Ngao ya taifa hilo ni kombe lililofunikwa. Chini yake pameandikwa maneno mawili, *Funika Kombe*, na watoto shuleni hufundishwa kumalizia wenyewe moyoni: mwanaharamu apite. Ni methali nzuri na raia wanaiamini. Kasoro yake ni moja, kwamba katika Jamhuri ya Staha mwanaharamu hakuwahi kupita. Aliona pamefunikwa vizuri, akavuta kiti, akakaa.

Siwema Hamadi alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu pekee cha nchi hiyo. Alikuwa binti wa fundi cherehani, mrefu, mwenye mwandiko wa kupendeza na ulimi mzito kidogo mbele ya wakubwa. Siku moja ya mwezi wa tatu alikwenda Mlango wa Kumi na Mbili kutiwa saini fomu yake ya mafunzo ya vitendo. Mwenye mlango huo ni profesa. Jina lake silitaji, kwa sababu mtakazoziona wenyewe, na mimi pia nina watoto. Siwema aliingia saa tisa akatoka saa kumi. Alichofanyiwa humo ndani kina jina, nalo ni kubakwa, na naliandika mapema kwa kuwa katika hadithi hii hakuna ofisi hata moja itakayoliandika.

Fomu alitoka nayo, imesainiwa vizuri kabisa.

Kwa miezi miwili hakumwambia mtu. Alioga mara nne kwa siku na kula mara moja, akawa anapita nyuma ya maktaba ili asiuone ule mlango. Alikuwa amekusudia kuyameza hivyohivyo hadi amalize masomo. Kisha mdogo wake, Mize, akampigia simu kutoka nyumbani, pumzi zinamwishia kwa furaha.

"Dada, nimechaguliwa. Chuo hicho hicho chako. Mama amelia mpaka majirani wakadhani kuna msiba."

"Hongera, mdogo wangu," Siwema alisema.

Pale chuoni palikuwa na desturi iitwayo Mahojiano ya Ulezi. Kila msichana na kila mvulana wa mwaka wa kwanza huitwa kwa zamu na Mlezi wao, mmoja mmoja, robo saa, mlango ukiwa umefungwa ili azungumze kwa uhuru. Ya wavulana yalikuwa yakiisha kwa dakika mbili. Mlezi wa Mwaka wa Kwanza, kwa miaka kumi na minne mfululizo, alikuwa bwana huyo wa Mlango wa Kumi na Mbili, na ukutani kwake ilining'inia nishani ya Rais kwa kazi hiyo.

Siwema alikaa kitandani na simu mkononi. Yangu yamekwisha kunipata, alijiambia, lakini Mize haingii mlango ule. Zilikuwa zimebaki wiki kumi na nne.

*

Isidhaniwe kwamba Jamhuri ya Staha haiwajali waliodhulumiwa. Kulikuwa na kijitabu cha rangi tatu kilichobandikwa hata kwenye milango ya vyoo, kimeandikwa *Hauko Peke Yako: Njia Zote za Kupata Msaada*. Kwenye jalada palikuwa na picha ya msichana anayetabasamu. Nimeambiwa kwamba alipigwa picha hiyo kwa ajili ya tangazo la sabuni.

Siwema alianza na simu ya bure. Ilipokewa na bendi ya polisi ikipiga wimbo wa taifa. Sheria ya nchi inamtaka kila anayeusikia wimbo huo asimame, basi akasimama, akausikiliza beti zote tano akiwa wima na simu sikioni. Wimbo ulipokwisha, sauti ya mwanamke iliyorekodiwa ikamshukuru kwa uzalendo wake na simu ikakatwa.

Akaenda kwenye sanduku la siri, lililotundikwa nje ya bwalo. Lilikuwa sanduku madhubuti la chuma, lisilo na kitasa wala bawaba, kusudi asitokee mtu wa kulifungua akaziona siri za watu. Siwema alikunja barua yake akaitumbukiza. Hakuisikia ikianguka. Ilikuwa imetua hapo hapo mdomoni, juu ya barua nyingine, na alipochungulia aliona ncha ya karatasi ya zamani iliyogeuka rangi ya chai.

Akaenda zahanati. Nesi, mama mmoja wa makamo, alimfungia pazia, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamshika mkono.

"Mwanangu, nikikupima itabidi niandike nilichokiona," alisema. "Na nikiandika, Jumatatu daftari langu linakusanywa. Aliyekuwa hapa kabla yangu aliandika. Sijui yuko wapi." Akafungua kabati. "Ninayo dawa ya malaria. Nikupe ya malaria?"

Siwema hakuwa na malaria. Akaipokea hivyo hivyo, kwa sababu yule mama alikuwa karibu kulia na hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Ilibaki njia moja, ambayo kijitabu kiliiweka mwisho na kuikoleza wino: Kurugenzi ya Staha na Hifadhi.

*

Kurugenzi ilikuwa jengo refu la ghorofa moja upande wa pili wa uwanja, likitazamana na Mlango wa Kumi na Mbili. Mapokezi yake yalikuwa dirisha la kioo cha ukungu, lile la kuona kivuli tu, na chini yake uwazi wa kupitishia karatasi. Siwema alisimama mbele ya dirisha. Mikono miwili ya mwanamke mtu mzima ikatokea kwenye uwazi, ikakunjwa juu ya meza.

"Karibu, mwanangu," ilisema sauti. "Umekuja kuuliza au umekuja kusema?"

"Nimekuja kusema, mama."

Mikono ilikunjuka. "Umefikiri vizuri?"

"Nimefikiri."

"Ninaruhusiwa kukuuliza mara moja tu, na nimeshakuuliza," ile sauti ikasema, na mlango wa pembeni ukafunguka.

Ndani alipokewa na Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Hamza Mwinyipembe, mtu mnene mwenye upole mwingi na suti ya rangi ya maziwa. Alimvutia kiti. Alimpa karatasi, akageukia ukutani wakati Siwema akiandika, ili asije akaona hata herufi moja. Siwema aliandika kurasa nne. Aliandika saa, siku, mlango, jina la mtu na alichokifanya. Alipomaliza, Mkurugenzi alirudi kinyumenyume, akapapasa meza hadi akazipata karatasi, akazitia katika bahasha ya kaki na kuzipiga lakiri nyekundu mara tatu.

"Binti yangu," alisema, sasa akigeuka, "umefika kwenu. Serikali yako tukufu, sikivu na isiyolala imekuandalia ulinzi ambao mataifa makubwa yanautamani kwa machozi. Wao huko humwacha mlalamikaji akajulikana, watu wakamnyooshea vidole. Sisi tumesema hapana. Hapana tena hapana. Kuanzia dakika hii jina lako ni siri ya taifa. Hakuna atakayelisema, hakuna atakayeliandika. Wewe ni Mhifadhiwa Namba Kumi na Tisa."

"Ahsante, mzee," Siwema alisema, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. "Na hii bahasha itasomwa na nani?"

"Isomwe?" Mkurugenzi alishtuka kama aliyeona mtoto karibu na kisima. "Ikisomwa itakuwaje siri?"

"Na Profesa je? Profesa..."

Mkurugenzi aliziba masikio kwa vidole viwili. "Kifungu cha tisa," alisema kwa sauti ya juu, kama wasemavyo watu walioziba masikio. "Yeye sasa anaitwa Mtajwa, na ni kosa la jinai kumtaja. Ulinzi ni wa pande zote mbili. Hiyo ndiyo haki."

Siwema alisubiri vidole vishuke. "Kwa hiyo na jina lake litafutwa?"

"Fikiri kama mtu msomi, mwanangu. Jina lake liko mlangoni, liko kwenye vitabu, liko kwenye bango la ukumbi. Tukilifuta, watu watauliza. Lako limo katika orodha nne tu. Lazima tuanze na palipo rahisi."

"Mdogo wangu anaanza mwezi wa tisa," Siwema alisema. Ulimi wake ulikuwa umekuwa mzito, akajikaza. "Ataitwa kwenye yale mahojiano. Nilichokuja kuomba ni hicho tu, mzee. Huyo mtu awe ameondolewa kabla mdogo wangu hajafika."

"Kamati itakaa," alisema Mkurugenzi, akampigapiga mkononi. "Kamati hukaa sana."

*

Kamati ilikaa baada ya siku tisa. Kanuni ilimtaka mlalamikaji ahudhurie bila kuonekana, hivyo Siwema aliwekwa nyuma ya pazia zito, kwenye kigoda, akaamriwa asikohoe. Wajumbe waliingia mmoja mmoja. Alisikia viti vikivutwa, vikombe vikipangwa, mtu akiulizia sukari. Kisha ikatoka sauti ya kwanza, yenye upole, ikiomba dua ya kufungua kikao, na Siwema akaijua. Aliijua sauti ile kwa ngozi yake kabla ya masikio.

Mtajwa alikuwa mjumbe wa Kamati kwa ukongwe wake. Kwa kuwa Kifungu cha tisa kilikataza mtu yeyote kuambiwa kwamba ndiye Mtajwa, hapakuwa na namna ya kumwomba atoke. Wajumbe wote walijua, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua, na hakuna aliyeinua macho kutoka kwenye kikombe chake. Nimeambiwa kwamba halmashauri za namna hii haziko popote pengine duniani, na mimi sina sababu ya kubisha.

"Waheshimiwa," alisema Mkurugenzi, "tuna bahasha mbele yetu. Kuifungua haturuhusiwi. Naomba ipitishwe, kila mjumbe aipime kwa mkono kisha atoe maoni."

Bahasha ikazunguka meza. Mjumbe wa kwanza alisema ina uzito wa wastani. Wa pili alisema yeye angeiita nzito, lakini huenda ni lakiri. Wa tatu aliomba kujua unyevunyevu wa hewa siku ile. Ilipomfikia mwenye sauti ya upole, aliipima kwa vidole viwili.

"Mimi naiona nyepesi," alisema.

Wakakubaliana wote kwamba, kwa kweli, ukiitazama vizuri, ni nyepesi. Iliazimiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Mtajwa akatoa neno la shukrani kwa niaba ya wajumbe, akasifu ujasiri wa wasichana wanaojitokeza, akaomba Mungu awazidishie. Nyuma ya pazia Siwema alikuwa ameuma ukosi wa gauni lake ili asitoe sauti, akauma hadi uzi ukakatika.

*

Asubuhi iliyofuata alirudi bwenini kutoka darasani akakuta kitanda chake kimeondolewa. Mahali pake palikuwa pameoshwa, pamewekwa chungu cha maua. Matroni, aliyekuwa akimsuka nywele kila Jumamosi, alimtazama usoni.

"Samahani, dada," alisema. "Unamtafuta nani?"

"Matroni, ni mimi."

"Unamtafuta nani?" Matroni alirudia, na machozi yakamtiririka hadi kidevuni, wala hakuyafuta, kwa maana kuyafuta kungekuwa kukiri.

Orodha ya darasa haikuwa naye. Chumba cha mitihani hakikuwa na matokeo yake. Maktaba walimwambia kwamba vitabu alivyorudisha mwaka jana havikuwahi kuazimwa. Nyumbani ilikwenda barua yenye muhuri wa kombe, ikiwapongeza wazazi kwa kuwa binti yao ameteuliwa katika utumishi maalumu wa taifa na hatapatikana kwa simu. Mama yake alipika pilau akaita mtaa mzima.

Hakubakiwa na pa kwenda ila Nyumba ya Hifadhi, ambayo ilikuwa ujia mrefu nyuma ya dirisha la kioo cha ukungu. Humo alikuta wanawake wamekaa kwenye benchi pande mbili za meza, kimya, wakikata karatasi za kaki na kuzigundisha ziwe bahasha. Aliyekaa mwisho aliinua mikono na Siwema akaitambua.

"Mimi ni Namba Nne," mama yule alisema. "Nina miaka kumi na mmoja humu. Kaa hapa karibu yangu. Gundi ikikuingia kwenye kucha, tumia mafuta ya taa."

"Jina lako hasa nani, mama?"

Bi Nne aliendelea kukunja. "Nililiandika nyuma ya kabati lile nilipofika, nisije nikasahau. Kisha mwaka wa tano wakaja mafundi, wakapaka kabati rangi."

Siwema alitazama mlango wa kutokea. Haukuwa na kufuli. Ulifungwa kwa kanuni tu, karatasi moja iliyobandikwa juu ya kitasa: *Mhifadhiwa hamjui mtu, na hajulikani na mtu.*

"Hakuna anayetoka?" aliuliza.

"Kumi na Moja alitoka. Akazunguka mjini siku tatu. Hospitali wakamuuliza jina, halimo. Kwao wakaogopa kufungua. Akarudi mwenyewe, yule pale anayechemsha lakiri."

"Na wengine?"

"Namba Sita alitoka."

"Akarudi?"

Mkasi wa Bi Nne ulisimama. "Gari lilimsubiri nyuma ya jengo. Tulilisikia likiondoka. Nani angemtafuta, mwanangu? Wangetangaza jina gani redioni?"

Kwa wiki kadhaa Siwema alikunja bahasha. Siku moja alitumwa kupeleka furushi katika Chumba cha Siri, na huko akaona namna bahasha zilivyopangwa. Kwa vile majina ya wahifadhiwa yalikuwa marufuku, na majina ya watajwa yalikuwa marufuku zaidi, wenyewe walikuwa wamezipanga kwa milango. Rafu nyingi zilikuwa na bahasha moja, au mbili. Rafu ya Mlango wa Kumi na Mbili ilikuwa na bahasha kumi na moja. Lakiri hazikuguswa hata moja. Aliitambua ya kwake, ya juu kabisa, na ya chini kabisa ilikuwa na alama za vidole vya mtu aliyerudi kuishika akiwa na gundi kwenye kucha.

Alikaa sakafuni mbele ya rafu hiyo. Alikuwa amedhani kwamba yeye ni wa kwanza, kisha kwamba labda ni wa pili. Aliona hasira ikimpanda taratibu kutoka miguuni, hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo hata siku ile, na akaiacha ipande. Mwezi wa tisa ulikuwa umebakiza siku nne uanze.

*

Wanafunzi wapya walifika. Nyuma ya kioo cha ukungu vivuli vyao vilipita vikicheka, vimebeba magodoro na ndoo. Siwema, kwa sababu ya mwandiko wake, alikuwa amewekwa dirishani kumpumzisha Bi Nne ambaye macho yalianza kumchosha. Kazi ilikuwa kuuliza swali moja na kupokea karatasi.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, kivuli kimoja kilisimama mbele yake.

"Shikamoo," kivuli kilisema. "Samahani. Namtafuta dada yangu. Barua ya serikali ilisema yuko kwenye utumishi, lakini haikusema wapi."

Siwema alishika ukingo wa meza.

"Nimekwenda usajili wananiambia jina hilo halijawahi kuwapo," Mize aliendelea. "Bwenini wananiambia hawamjui. Yule matroni alikimbia aliponiona usoni, sijui kwa nini, watu husema tunafanana. Mlinzi mmoja ndiye kaninong'oneza nije huku. Anaitwa Siwema Hamadi. Nisaidie haraka, dada, maana saa nane naitwa kule ng'ambo, Mlango wa Kumi na Mbili, na mimi ndiye wa kwanza."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika kumi na mbili.

Siwema alikuwa na kanuni mbele yake, imebandikwa. Alikuwa na vijitabu vya rangi tatu, bunda zima, na angeweza kutelezesha kimoja kwenye uwazi. Alimtazama Bi Nne. Bi Nne alikuwa ametazama kabati lililopakwa rangi.

"Mize," Siwema alisema kupitia uwazi. "Usiende."

Kile kivuli kiliinama. Vidole vikaingia kwenye uwazi, vikamshika kiganja, vikakipapasa kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

"Dada? Ni wewe uko humo? Wanakufanya nini humo?"

Siwema alinyanyuka, akaenda hadi mlangoni, akashika kitasa chini ya ile karatasi, akafungua. Mwanga wa uwanjani ulimuumiza macho. Mize alimrukia shingoni. Akamwacha amkumbatie kidogo tu, kwa kuwa nyuma ya bega la mdogo wake aliuona Mlango wa Kumi na Mbili, na mbele yake foleni ya wasichana wapya wapatao arobaini, kila mmoja na kikaratasi chake cha zamu.

Alimshika Mize mkono, wakavuka uwanja. Ulimi wake ulikuwa mzito kama siku zote. Alisimama mbele ya foleni, akangoja hadi wakamtazama.

"Naitwa kwa namba, lakini msijali hilo," alisema. "Nilisoma hapa. Mwezi wa tatu Profesa Idarusi Kiangazi alinibaka ndani ya chumba hiki. Si mimi peke yangu, tuko kumi na moja. Msiingie."

Ndiyo, Profesa Idarusi Kiangazi. Nilisema silitaji, lakini ikiwa yeye alilisema akiwa pale, mbele ya mlango wenyewe, basi na mimi niliyekaa mbali na kalamu yangu naona haya kuendelea kujificha.

Sajenti Makunga wa ulinzi wa chuo alifika akikimbia, na nyuma yake askari wawili wasiokimbia. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, na jasho lilikuwa limemlowesha ukosi.

"Nani amelitaja?" aliuliza.

"Mimi, afande."

"Jina lako?"

"Mhifadhiwa Namba Kumi na Tisa."

Sajenti alishusha pumzi. Akamsogelea akasema polepole, karibu kwa huruma. "Basi bahati yako. Siwezi kumkamata asiyekuwa na jina. Rudi ndani ukaendelee na kazi, mimi niseme sikusikia." Akatupa jicho kwa wale wawili nyuma yake. "Ukibaki hapa nje, binti, mambo si mikononi mwangu. Hawa wana gari nyuma ya jengo. Gari halihitaji jina."

Mize alikuwa amesikia. "Ana jina," alisema. "Anaitwa Siwema Hamadi. Baba yetu ni Hamadi fundi cherehani. Ni dada yangu."

Siwema alimkaza mkono anyamaze, kisha akaona kitu ambacho Mize hakukiona, akaulegeza. Alielewa jambo hilo lote kwa mara moja. Mtu wa gari haandikwi popote. Mtu wa kukamatwa huandikwa.

"Ni kweli," alisema. "Siwema Hamadi. Nikamate, afande. Lete daftari la mashtaka."

Sajenti Makunga alisita, lakini wasichana arobaini walikuwa wanatazama, na utaratibu ni utaratibu. Akatoa daftari kwenye mkoba, akalifungua juu ya paja. Kwenye nafasi ya kwanza akaandika *Siwema Hamadi*, na ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kuandikwa na mtu wa serikali tangu mwezi wa tano. Kwenye nafasi ya pili, penye kosa, akaandika *Kumtaja Mtajwa kinyume na Kifungu cha tisa*. Kalamu ikashuka kwenye nafasi ya tatu. Ilikuwa imepigwa chapa kabisa, zamani sana, na mtu ambaye hakudhani kwamba daftari hilo litafika siku moja likatumika: *Jina lililotajwa*.

Kalamu ilisimama. Akiacha wazi, hapana kosa. Akiandika, amelitaja yeye, kwa mwandiko wake, katika kitabu kinachopelekwa mahakamani na kusomwa kwa sauti. Askari wawili nao walisogea, wakalitazama daftari, wakaacha kusogea.

Saa ya ukumbi iligonga nane. Mlango wa Kumi na Mbili ulifunguka kiasi cha mkono, na kutoka ndani ikaja ile sauti ya upole.

"Mize Hamadi."

Mize hakuitikia. Msichana aliyekuwa wa pili kwenye foleni alirudi hatua moja nyuma, na wa tatu akarudi naye.

"Mize Hamadi, karibu ndani," sauti ilirudia, bado kwa upole.

Ng'ambo ya uwanja, mlango wa Nyumba ya Hifadhi ulikuwa haujafungwa, na Bi Nne alikuwa amesimama kizingitini akijikinga jua kwa kiganja.

"Andika, afande," Siwema alisema. "Kama hukunisikia vizuri nitalisema tena."

Sajenti Makunga aliinama juu ya daftari, na wasichana wote wakaiacha foleni wakaja kumzunguka, waone ataandika nini.